Ubeti wa Kupanda

Jumatatu, 2 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Kaseti yako imefika ikiwa imeviringishwa kwenye soksi, na soksi yenyewe ina tundu. Nimeishona. Asante kwa vyote viwili.

Nimeusikiliza wimbo wa Baba mara mbili kwenye chumba cha mizani, kwa redio ya kaseti ya Bwana Baridi. Nitakuambia ukweli, maana nikikudanganya utajua. Gitaa linaijua kazi yake na sauti yako ni ile ile. Lakini umeharakisha. Baba aliutunga wimbo ule ngazini, mguu mmoja baada ya mwingine, na wewe umeupandisha kwenye lifti ya hoteli. Halafu kile kimya baada ya ubeti wa pili umekijaza tarumbeta! Yaani mtu yuko chini anatafuta pumzi, wewe unampulizia tarumbeta.

Usinune. Nina kesi kama yako huku. Bwana Baridi ndiye mwenye kiwanda mpya, na jina hilo tumempa sisi kwa sababu hatembei bila kipimajoto mfukoni. Alikaa miaka miwili kwenye bonde moja la mbali, la watu wa baridi, akarudi na chupa sita na ndoto moja. Anataka zabibu zetu, zilizoota juani tangu zizaliwe, zitoe mvinyo kama wa bonde lile: mwembamba, mkali, wenye harufu ya mawe yaliyolowa mvua. Nimemwambia, bosi, ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Akacheka. Kisha akaniambia nianze.

Basi sasa tuko sawa, wewe na mimi. Wewe unaimba nyimbo za watu kwa koo lako, mimi natengeneza mvinyo wa watu kwa zabibu zangu. Ukiimba kwa koo lako, wenye wimbo watasema umeuharibu. Ukiimba kwa koo lao, wewe mwenyewe uko wapi? Nifikirie hilo ukiwa unapaka rangi ya midomo.

Baba hajambo ila macho. Ukungu umezidi.

Dada yako


Jumatatu, 9 Februari

Dada,

Sikununa. Nilinuna siku moja tu, tena nusu siku.

Wewe unaongea kana kwamba naiba. Mimi usiku wa Jumamosi nikisimama mbele ya meza ishirini, mtu akiagiza wimbo aliochezea harusini kwake, simwibii mtunzi. Namrudishia yule mtu harusi yake. Naimba kwa koo langu kwa sababu sina jingine. Na kama zabibu zako zina jua ndani, acha jua lisikike! Wimbo wa mtu ni kama nguo ya kuazima: ukiivaa vizuri, watu wanauliza umeshonewa wapi. Mwambie Bwana Baridi aonje mvinyo wako kwanza, ndipo afungue chupa yake.

Tarumbeta nakubali. Ilikuwa fikra ya mpiga tarumbeta.

Lakini hujaniambia nilichokuuliza. Baba aliisikiliza? Nilirekodi kwa ajili yake, unajua. Miaka minne sasa tangu aniambie nauza makoo ya watu, na tangu hapo salamu zake zinapitia kwako kama maji kwenye chujio. Nikadhani nikiimba wimbo wake mwenyewe atasema neno. Hata la kunitukana. Alisemaje?

Chiriku wako


Jumatano, 18 Februari

Mdogo wangu,

Baba aliisikiliza mpaka tarumbeta. Kisha akainuka, akasema, "Huyo ni kasuku aliyejifunza kwa kasuku," akaenda kufua shati lililokuwa safi. Umeuliza, nimekujibu. Nilikuwa nimekusudia kukuficha, nikaona utaniandama hadi kiangazi.

Usilie bure, msikilize kidogo na yeye. Wewe uliondoka kabla hujashushwa Shimoni, kwa hiyo wimbo ule kwako ni wimbo. Kwetu ni kamba. Zabibu zikichachuka zinatoa hewa nzito, haina harufu wala rangi, inalala chini kama maji kwenye beseni. Ukiivuta mara tatu unaona usingizi mtamu, na huo usingizi hauna asubuhi. Ndiyo maana anayeshuka Shimoni, ghala letu la chini, lazima aimbe, na mwingine akae juu kwenye mlango wa sakafuni asikilize. Ubeti wa kwanza ni wa kushuka, wa pili wa kazi. Halafu kimya cha kuvutia pumzi, hesabu sita. Halafu ubeti wa tatu, wa kupanda. Wa chini hakatizi wimbo kujibu maswali, na wa juu hamwiti. Kimya kikifika hesabu ya kumi, wa juu anavuta kamba bila kuuliza. Mama alimsikiliza Baba hivyo miaka ishirini na miwili. Alikuwa akisema anamshika mumewe kwa sikio.

Ndiyo maana tarumbeta ilimuudhi. Ulimjazia mtu mahali pake pa kupumulia.

Huku Bwana Baridi ameziba matundu ya hewa kwa matofali. Yote manne. Bonde lake lina baridi, kwa hiyo na Shimo letu liwe na baridi. Nilimuuliza, ghala za huko zikoje? Akasema zimechimbwa ubavuni mwa mlima, unaingia kwa mlango wa kawaida. Nikamwambia, basi hewa yao inateremka ikatoka mlangoni yenyewe, yetu itatokea wapi, sisi tuko tambarare? Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mshumaa wa kupima hewa nao ameukataza, eti nta inanukisha mvinyo. Amenipa tochi. Tochi haizimiki kwa hewa mbaya, hilo nalo sijui kama ameliandika.

Kichwa kinaniuma kidogo siku hizi. Ni baridi tu.

Na bado nasema: kuiga vibaya ni aibu ndogo. Kuiga vizuri mpaka mtu asijue, hiyo ndiyo inanitisha. Wewe hata ungetaka usingeweza kuuimba wimbo ule kama unavyoimbwa.

Dada yako


Alhamisi, 26 Februari

Dada,

Nisingeweza?

Basi weka kaseti hii. Hakuna gitaa wala tarumbeta. Nimeirekodia kwenye chumba cha tangi la maji chini ya hoteli, mahali pekee penye mwangwi wa kizamani. Nilivua viatu, nikashuka ngazi kumi na nne nikiimba, mguu mmoja baada ya mwingine kama alivyokuwa Baba. Lakini sikumwiga Baba. Nimekuiga wewe. Nakukumbuka ukifanya mazoezi jikoni: unavyovuta "nashuka" mpaka karibu ikatike, unavyokohoa kidogo kwenye hesabu ya nne ya kimya, kisha unavyoanza ubeti wa tatu chini kuliko inavyopasa. Nimeimba hivyo mara saba upande mmoja na mara saba upande wa pili, nikikohoa pale pale, mpaka fundi wa maji akaniuliza kama nimekosana na mtu.

Mama alikuwa akitutofautisha kwa hatua zetu, si kwa sauti. Sasa funga macho uniambie ni nani anayeimba.

Na ukimaliza, mwekee Baba. Usimwambie ni mimi. Mwache aseme kwanza.

Maumivu ya kichwa chako usiyapuuze. Na hayo matundu, huwezi kuyazibua kimya kimya?

Chiriku (au wewe)


Jumatatu, 9 Machi

Chiriku,

Umenishinda. Ningekuwa na kofia ningeivua.

Niliiweka kwenye chumba cha mizani, nikafunga macho kama ulivyosema. Nywele zilinisimama. Si kwamba unafanana na mimi; nilijisikia niko chini, huku nimekaa juu. Kile kikohozi, mtoto wewe! Nilishika koo langu kuona kama ni mimi.

Na kabla sijazima, Bwana Baridi akaingia akaniambia, "Leo unaimba vizuri." Akaniona nimefunga mdomo. Akatazama redio, akanitazama mimi, akacheka kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akaitoa kaseti. Anasema kwenye bonde lile wapo wanaopigia mvinyo muziki ndani ya mapipa, unalainika. Anasema wageni wa kununua wakija wataushangaa wimbo unaotoka chini bila mtu. Nilimwambia ni kaseti ya mdogo wangu, akasema ataitunza. Ameitunza kwa kuifungia Shimoni ndani ya sanduku la mbao, redio yenyewe na spika mbili, ufunguo mfukoni mwake.

Baba hajaisikia. Alikuwa amekwenda kutolewa ukungu kwenye jicho la kulia. Amerudi Jumamosi. Sijamwambia habari ya redio wala kaseti, maana angeshuka na shoka, na daktari amemkataza kuinama.

Ukiona mwandiko wangu unapanda mlima, nilijikwaa ngazini Ijumaa, mkono umevimba. Nilijikwaa tu. Fundi mapipa ndiye aliyekuwa juu, alinivuta upesi. Ngazi ilikuwa na maji.

Mvinyo unaendelea. Unafanana na ule wa chupa kuliko nilivyotaka.

Dada yako

Nilijikwaa tu.


Jumatatu, 16 Machi

Dada yangu,

Umeandika "nilijikwaa" mara tatu kwenye barua moja. Mtu aliyejikwaa husema mara moja. Na fundi mapipa akuvute kwa nini, kama ulijikwaa? Mtu aliyejikwaa si anainuka?

Ulilala chini kwa hesabu ngapi? Niandikie tarakimu.

Sitaki utani sasa. Ninapoimba hapa natazama glasi za watu mezani, nakuona wewe umejikunja chini ya ngazi. Jana nimesahau ubeti wa wimbo niliouimba mara mia. Mpiga gitaa akaupiga tena na tena akinisubiri, watu wakadhani ndivyo ulivyo, wakapiga makofi. Niliketi.

Mwambie huyo bwana anirudishie kaseti yangu. Nilikupa wewe. Sikuiimba ili ikae chini ya ardhi ikiimba peke yake. Nikifikiria sauti yangu imefungiwa kule, gizani, inakohoa kikohozi chako, nasikia vibaya, Dada, siwezi kueleza vingine. Nilitaka Baba asikie tu.

Acha kazi hiyo. Kitanda changu kinatosha watu wawili wanaopendana.

Chiriku


Jumatatu, 23 Machi

Mdogo wangu,

Hesabu kumi na moja. Umeridhika? Niliona usingizi, magoti yakaniaga, wimbo ukakatika, fundi mapipa akavuta kamba kama ada ilivyo. Nilitapika, nikanywa maji, nikaishi. Ada inafanya kazi, ndiyo maana ni ada. Usimwandikie Baba.

Siachi kazi sasa. Nimebakiza pipa moja, la mwisho kabisa, lile la chini karibu na ukuta. Bwana Baridi ameniahidi mbele ya karani kwamba pipa hilo likihamishwa salama, matofali yanabomolewa na Shimo linapata hewa. Nikiondoka leo ataleta mtu asiyejua hata kuimba. Kazi hii aliifanya Baba, nikiiacha na matundu yameziba nitakuwa nimemfungia mtu mwingine kaburi.

Mnunuzi alikuja. Bwana Baridi alimpa glasi mbili, ya bonde na ya kwetu, akamwambia achague. Akachagua yetu akidhani ni ya bonde. Walikumbatiana. Mimi nilionja ile yangu, Chiriku, nikatafuta jua letu ulimini nikalikosa. Ni mvinyo mzuri ambao haujatoka popote. Nilikaa kwenye ndoo nikalia kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Sasa nakuelewa ulivyosikia kuhusu kaseti.

Kaseti bado iko chini. Ameifungia na kijisaa cha umeme. Kila siku saa tatu asubuhi inaanza kuimba yenyewe mpaka jioni, wageni wawepo wasiwepo. Ninapokuwa na kazi huko naizima. Sanduku limefungwa lakini swichi iko nje, ubavuni. Iko mbali kidogo, chini kabisa, nyuma ya pipa la mwisho.

Fundi mapipa ameachishwa kazi Jumatano, eti kwa nini watu wawili wafanye kazi ya mmoja. Kwa hiyo Baba amerudi kazini, kwenye kiti cha Mama pale mlangoni juu. Usiogope, jicho moja linaona na masikio yake ni ya popo. Kila siku nimeshuka alfajiri, nikamaliza kabla redio haijaamka, ndiyo maana mpaka leo hajui kama ipo. Nitamwambia kazi ikiisha, nimwekee kaseti yako akiwa amekaa juani. Nataka kumwona uso.

Alhamisi ya tarehe mbili ndiyo ya pipa la mwisho. Nitashuka saa mbili na nusu, karani akishanipa mpira wa kuhamishia mvinyo. Redio ikiamka nikiwa bado chini, nitaizima.

Dada yako


Jumatatu, 30 Machi

Dada,

Usishuke Alhamisi. Barua yako nimeipata sasa hivi, nimeisoma nimesimama mapokezini.

Huoni? Wewe ukilala chini, mimi nitaimba. Baba atasikia "nashuka", atasikia kazi, atasikia kikohozi kwenye hesabu ya nne, atasikia "napanda". Hatavuta kamba. Atakaa kwenye kiti cha Mama akinisikiliza mimi akidhani ni wewe. Na swichi Bwana Baridi ameiweka pale pale hewa mbaya inapolala!

Redio hizo tunazo hapa hotelini. Upande ukiisha inanyamaza kidogo, inajigeuza, inaanza tena. Nimepima kimya hicho kwa kuhesabu kama alivyotufundisha Mama. Hesabu tisa. Nimepima mara tano. Haifiki kumi, Dada.

Nimepiga simu ofisini kwenu tangu asubuhi, inaita mpaka inakata. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ameapa itafika Alhamisi asubuhi. Mimi nimepata nafasi kwenye basi la kesho, nitafika Ijumaa.

Mwambie Baba kila kitu, leo. Kata waya. Na kama huna budi kushuka, usiimbe wimbo wa Baba. Imba wowote mwingine, imba hata ule wa hotelini unaouchukia, wa mwanamke na mwavuli. Uharibu unavyotaka, uimbe kwa sauti ya chura, ili Baba akisikia wa kwake ajue si wewe.

Nilitaka kukuonyesha kwamba naweza. Nisamehe.

Chiriku


Alhamisi, 2 Aprili
Shimoni, mlangoni

Kwa binti yangu mdogo,

Mimi baba yako ni mzima, na jicho la kulia sasa linaona mpaka sindano. Natumaini na wewe u mzima na hao jamaa zako wa muziki. Imekuwa muda mrefu sijakuandikia kwa mkono wangu. Dada yako husema nina kiburi cha punda. Leo nimekaa juu ya Shimo kwenye kiti cha mama yako, nina karatasi na kalamu ya karani, na dada yako yuko chini kwenye pipa la mwisho. Nikaona nikuandikie huku namsikiliza.

Barua yako imeletwa na dereva wa basi saa nne. Imeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu pande zote, ila jina ni la dada yako, na barua ya mtu haifunguliwi na mtu mwingine, hata baba. Nimeiweka mfuko wa shati. Nilitaka kumwita, nikakumbuka ada: aliye chini hakatizwi. Akipanda nitampa kabla hajanawa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Aliposhuka saa mbili na nusu aliimba kwa uchovu, sauti inaburuta miguu, nikasema moyoni huyu hakulala. Kufikia saa tatu akakata ubeti wa pili katikati, mahali pasipo kimya. Nikaishika kamba. Nilikuwa nimefika hesabu ya saba, mara akaanza upya tangu ubeti wa kwanza, sauti safi, kana kwamba amekunywa maji ya kisima. Tangu hapo hajachoka. Mwanangu, sijawahi kumsikia akiimba hivi. Kila neno limekaa kwenye ngazi yake. Anavuta "nashuka" mpaka nywele zinanisimama, anakohoa panapostahili, kisha anaingia ubeti wa tatu polepole:

Napanda, niwekeeni kiti mlangoni,
Aliyenishika kwa sikio nimwone.

Nilimkumbuka mama yako nikalia, mtu mzima mimi. Halafu nikagundua ni nani mwingine ninayemkumbuka. Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa unakaa chini ya meza ya jikoni ukimwiga dada yako, na mama yako alisema kuna kitu kwenye koo lako ambacho dada yako hana, kama tabasamu linalojificha nyuma ya neno. Leo nalisikia kwa dada yako. Nimefurahi kwamba amelipata kwako, ijapokuwa amechelewa.

Nilikuita kasuku. Nilikosea. Niliudhika kwa sababu ya ile tarumbeta, lakini zaidi niliudhika kwa sababu uliondoka. Wimbo wangu hauna mwenyewe zaidi ya anayeuimba akiwa anauhitaji. Uimbe unavyotaka. Ukija nyumbani nitakaa kimya nikusikilize mpaka mwisho, hata ukileta ngoma.

Saa tano inakaribia. Ubeti wa kupanda ameuimba mara nyingi sasa na bado hajapanda; nadhani pipa hilo ni zito, na yeye ni mbishi, hataki kuliacha nusu. Kamba imetulia sakafuni, bila shaka amekaa. Chakula chake nimekifunika.

Sasa hivi amenyamaza. Niliiacha kalamu nikashika kamba kwa mikono miwili nikahesabu. Nilifika tisa, vidole vimeshakaza. Akaanza tena tangu mwanzo, sauti ile ile tamu, nami nikaiachia kamba.

Baba yako